Kijiji Kilichokuwa Ndani ya Pasipoti Yako

Baba Imani wangu,

Barua za kwetu huanza kwa kumuuliza mtu hali, halafu mwandishi anasema kwamba naye ni buheri wa afya. Wewe sitakuuliza. Mimi nikiulizwa nitasema nimechoka, na anayeuliza asiendelee. Nimechoka miguu, nimechoka mdomo kwa kueleza watu jambo lile lile, nimechoka hata kulia, maana kulia nako kunataka mtu awe amekula vizuri. Naandika nikiwa kwenye meza yetu ya jikoni hapa Bur Dubai, Ijumaa mchana, tumetoka kanisani, Imani amelala sebuleni mbele ya televisheni. Ile mashine ya hewa baridi ya dirishani bado inanguruma. Ulisema utaitengeneza. Fundi mzima wa lifti za maghorofa ya watu, na mashine ya nyumbani kwako ikakushinda.

Nina jibu ninalotakiwa kumpa karani wa kijiji chenu kabla wiki haijaisha. Anataka kujua kama mimi na Imani tunakuja kukaa huko Uswisi ulikozikwa, au hatuji. Nyumba ipo, amesema, na kazi ipo. Nimeona si haki yeye alisikie jibu kabla yako. Kwa hivyo kaa nikueleze, na usinikatize kama ulivyozoea.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa msafishaji kwenye lile jengo la ofisi karibu na mabenki, nikakwama ndani ya lifti na ndoo yangu ya maji ya sabuni. Nilipiga mlango hadi mkono ukafa ganzi. Mlango ulipofunguka kidogo juu nikaona viatu, kisha magoti, kisha uso mwekundu wa Mzungu unaochungulia. Ukasema, "Polepole, mama." Neno hilo ulikuwa umefundishwa na masoja wetu wa Kikenya wanaolinda majengo, nawe hukuwa na lingine. Nilikucheka nikiwa bado nimeshika ufagio. Jerusha, mwenzangu wa chumbani, Mkisii yule asiye na breki mdomoni, aliposikia aliniambia nisijipe moyo, mtu akikutoa kwenye lifti si kwamba amekuposa. Ulichukua muda, lakini uliposa. Nyumbani Maragoli walikushangaa ulivyomaliza ugali na mboga ya mrenda bila kuuliza ni nini.

Halafu Imani akazaliwa, na pasipoti yake ikatoka kwa ubalozi wenu. Nilikuwa napika. Ukaniwekea kitabu kile chekundu mkononi, nikakifungua, picha nikaicheka, nikasoma. Mahali ambapo ningetegemea kuona Dubai, hapakuwa na Dubai. Palikuwa na jina la mahali nisipopajua, jina refu lenye herufi zinazosukumana. Mpaka leo linanigomea mdomoni, ndiyo maana hapa silitaji.

"Wamekosea," nikakuambia. "Mtoto amezaliwa hapa."

"Hawajakosea. Sisi hatuandiki mtu alikozaliwa. Tunaandika kwao."

"Kwao si Basel?"

"Basel ni mimi nilikozaliwa. Kwetu ni hapo."

Ukatoa pasipoti yako, na kweli, jina lilikuwa lile lile. Ukanieleza kwamba ni kijiji cha milimani, kwamba babu wa babu yako ndiye aliyetoka huko akaenda mjini kutafuta kazi, na tangu hapo jina linashuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto hata kama hakuna anayejua njia ya kufika. Nikakuuliza umefika mara ngapi. Ukasema, "Sijawahi kufika." Nilizima jiko. Nilishindwa kuelewa mtu mzima, mwenye akili zake na mshahara wake, hajawahi kufika kwao.

Nilikusumbua na jambo hilo, nakubali. Kwetu mtu anaweza kuzaliwa Nairobi, asome Nairobi, azeekee Nairobi, lakini kitambulisho chake kitataja wilaya na tarafa na lokesheni ya babu yake, na Krismasi ikifika utamwona stendi na magodoro. Nilikwambia nyinyi Waswisi ni Wamaragoli waliopotea njia. Andiko mnalo, kilichowapotea ni nauli. Ulicheka hadi ukavua miwani. Wiki iliyofuata ukaja na karatasi ulizochapisha kazini, zote za kijiji kile, na kutoka siku hiyo Ijumaa baada ya kanisa ikawa siku ya kunisomea. Mimi nasonga ugali, Jerusha amekuja na sukuma wiki ya kutoka soko la Deira, na wewe unasoma habari za kwenu ambazo nawe ndiyo kwanza unazisikia.

Tulianza na ardhi. Ulisema ni bonde jembamba, mlima upande huu, mlima upande ule, na katikati mto wa maji ya barafu wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ukasema majira ya baridi jua halivuki mlima. Linapotea wiki kwa wiki, na kijiji kinakaa kivulini hadi lirudi. Jerusha akauliza kama watu hawakuweza kuhamia ng'ambo ya pili ya mlima. Ukasema ng'ambo ya pili kuna kijiji kingine na wenyewe. Ukasema juu ya nyumba kuna msitu ambao sheria inakataza kuukata tangu enzi za mababu, kwa sababu ndio unaozuia theluji isiporomoke ikafunika watu. Vilima vya kwetu vilikuwa na msitu, watu wakaukata kuni na mbao hadi yakabaki mawe makubwa yanayokutazama, na hakuna aliyelala ndani kwa aibu. Nikasema watu hao ni watu wa maana.

Halafu historia. Ukasema zamani kijiji kilikuwa maskini wa kutupwa. Mashamba yaligawanywa mtoto kwa mtoto hadi mtu anarithi kipande cha kuanikia nguo. Hilo sikuhitaji kufafanuliwa, kwetu ndivyo tulivyo. Vijana wakawa wanaondoka kwenda kuwa askari wa kukodishwa, wanalinda milango ya wafalme wa nchi za watu. Jerusha alikuwa bado amevaa sare yake ya ulinzi, ametoka kusimama tangu asubuhi kwenye mlango wa duka kubwa. Akaweka kijiko chini.

"Kumbe usoja mlianza nyinyi," akasema. "Na walikuwa wanapewa likizo?"

Ukapekua karatasi zako kwa dhati kabisa, ukitafuta habari za likizo. Nilikupenda sana siku hiyo.

Lakini kuna jambo moja ulilosoma ambalo nililishika nikaliweka moyoni. Ulisema zamani kijiji kilikuwa na wajibu kwa watu wake popote walipo. Ukifilisika mji wa mbali, ukiugua, ukizeeka huna mtu, unarudishwa kule jina lako lilikoandikwa, na watu wa huko watake wasitake wanakulisha. Nikasema hiyo ndiyo maana ya kwao. Ukageuza ukurasa ukasoma pia kwamba kuna nyakati walichoka kulisha, wakawakatia maskini wao tikiti za meli waende Amerika kwa ahadi kwamba hawatarudi. Hiyo nikaiacha ipite. Mtu husikia anachotaka kusikia, nami nilitaka ile ya kwanza.

Tukasema tutaenda kiangazi. Kiangazi kikafika, jengo jipya likawa linafunguliwa, lifti zake zinakungoja. Tukasema kinachofuata. Kisha kazi zikaanza kupungua, kreni zikasimama angani bila kugeuka, wenzako wakarudishwa makwao, na wewe ukabaki kukimbizana na lifti kuukuu za Deira. Tukasema mambo yakitulia. Siku moja asubuhi ulikuwa umeketi pembeni ya kitanda unafunga kamba za viatu, ukaniambia niongeze sukari kwenye chai yako, niliporudi na kikombe ulikuwa umelala ubavu na kamba moja haijafungwa. Basi. Daktari alisema ni moyo na kwamba hukuumia, na nimeamua kumwamini.

Sasa nikuambie yaliyofuata, maana hukuwepo, na wifi yangu Verena atakuwa amekuambia ya upande wake.

Akina mama wa kanisani walijaa hapa sebuleni, wengine wamekaa hadi kwenye kapeti la Imani. Baada ya maombi swali likawa moja tu: kwao ni wapi, apelekwe. Hakuna aliyeuliza kama utapelekwa. Nikampigia kaka yangu Enos nyumbani. Nilijua atakachosema lakini nilitaka kukisikia.

"Hapa hawezi, dada," akasema. "Mkwe hazikwi kwa wakwe. Wazee hawatakubali, na mimi siwezi kuwaomba."

"Najua."

"Na wewe usijisahau. Ulishaolewa. Siku yako ikifika, kwenu ni kwa mumeo."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha ufunguo. Lakini neno hilo liliniingia na halijatoka. Kwa hivyo unapozikwa wewe ndipo na mimi nitakapozikwa. Nilikuwa sitafuti kaburi moja, nilikuwa natafuta mawili.

Verena akapiga simu kutoka Basel, anaongea huku analia. Alitaka uchomwe, majivu yapelekwe kwake, kuna bustani nzuri ya makaburi karibu na tramu. Kwetu mtu hachomwi. Nikamwambia hapana, wifi, anakwenda kwao. Akauliza kwao wapi. Nikamtajia jina la kijiji vile nilivyoweza kulitaja.

"Kule?" akasema. "Kule hakuna anayetujua. Hata baba yetu hakufika kule."

"Watamjua akifika."

Nafikiri alidhani huzuni imenivuruga kichwa. Lakini ni mtu mwema. Alimtafuta karani wa kijiji, na karani akafungua sheria zao akakuta kwamba mwenye asili ya pale anaweza kupewa mahali hata kama hakuishi pale. Mimi niliposikia hivyo nikaona nimeshinda. Nikajiambia wajibu upo hadi leo.

Nikajiandaa kama mtu anayepeleka maiti nyumbani. Jerusha alinisindikiza soko la Al Ras, tukanunua majani ya chai, sukari, maziwa ya unga na iliki, na mpagazi akatusukumia mkokoteni hadi kwenye teksi. Matanga yanataka chai. Nilikuwa naona kabisa vile itakavyokuwa: ukoo wako umejaa uani, wazee wenye pua kama yako wanaulizana nani huyu Mwafrika aliyemleta mtoto wetu, mimi na Verena tuko kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Uwanja wa ndege wa kule afisa wa forodha aliuliza sukari yote hii ni ya nini. Nikamjibu ni ya waombolezaji. Verena aligeuka mwekundu kuliko ulivyokuwa siku ya lifti.

Tulipanda bonde nyuma ya gari la maiti. Kila kitu kilikuwa kama ulivyosoma. Mto ulikuwa na rangi ile ile, msitu upo juu ya nyumba, na jua lilikuwa kwenye ncha za mlima tu, limeanza kuaga. Nilikuwa nikimwonyesha Imani kana kwamba nimezaliwa pale. Unaona msitu ule? Haukatwi. Unaona upande ule? Huko baridi ikiingia jua halifiki. Imani aliuliza jua likiondoka watoto wanacheza wapi. Nilitafuta mtoto nimwonyeshe, sikumwona. Shule ilikuwa pale, rangi nzuri, maua dirishani, imefungwa. Verena akaeleza kwamba watoto walipungua hadi wakabaki wachache mno, sasa hao waliopo wanachukuliwa na basi kwenda kijiji cha chini.

Unajua wenyewe wanaita mahali pale manispaa? Kwetu manispaa ni Kisumu. Pale watu wote ukiwaita wanaingia kanisa moja na viti vinabaki. Wazee ndio wengi. Vijana wako mijini, na kazi ngumu zinafanywa na Wareno na Mtamili mmoja anayepika hotelini. Mtamili huyo aliponiona alinisalimia kwa mkono wote, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Dubai, akasema ana binamu zake huko huko, mtaa wa Karama. Ndiye mtu wa kwanza wa kijiji chenu aliyenifurahia.

Kengele ya kanisa ililia kwa ajili yako. Hiyo walikupa, lazima niseme. Watu walifungua madirisha, na Verena akanitafsiria walichokuwa wakiulizana: nani amekufa? Jina lako likatajwa kutoka dirisha hadi dirisha, na kila mmoja anatikisa kichwa. Jina la ukoo wanalijua, limejaa kwenye mawe ya makaburi, wewe ndiye hawakujui. Mwishowe tulikuwa mchungaji, karani, wachimbaji wawili, Verena, mimi, mtoto, na bibi mmoja mwenye mkongojo aliyesema yeye haachi maziko ya mtu yeyote. Nilisimama nikingoja wengine wafike. Nilimwambia mchungaji asubiri kidogo, watu huenda wako njiani. Alisubiri, kwa heshima. Hakuna aliyekuja.

Nililia siku hiyo, Baba Imani, na sikulilia kifo chako. Nilikulilia kwa sababu nilikuwa nimekuleta nyumbani na nyumbani hakukuwa na mtu.

Chai niliipika hata hivyo. Karani alinifungulia jiko la ile shule, nikabandika sufuria, harufu ya iliki ikatoka nje, na madirisha yale yale yakaanza kutoa watu. Walikuja mmoja mmoja, wanasimama mlangoni, wanapewa kikombe. Bibi wa mkongojo alikunywa vitatu. Hawakuongea sana na mimi sikuwa na lugha, lakini walikaa, na walipoondoka kila mmoja alinipa mkono akatamka jina lako. Angalau wakalifahamu.

Karani alibaki nyuma kunisaidia kuosha vikombe. Ni mzee mtulivu, anazungumza Kiingereza kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nikamwambia nitarudi kujengea kaburi lako saruji, na kuweka jiwe zuri. Akakausha kikombe kwa muda mrefu.

"Jiwe unaweza, madam. Saruji hapana. Kaburi ni la miaka maalumu. Ikiisha, jiwe linaondolewa."

"Linapelekwa wapi?"

"Linarudishwa kwa familia. Panasawazishwa, panapandwa nyasi, na baadaye anazikwa mwingine."

"Juu yake?"

"Bonde letu ni jembamba. Mlima huku, mto huku. Makaburi hayana pa kupanukia. Ndivyo tunavyofanya kwa wote, hata baba yangu aliondolewa."

Nilianza kucheka. Verena aliingia akanikuta nimeshika ukingo wa sinki nacheka na machozi yananitoka. Nilikuwa nimeishi Dubai miaka yote hiyo nikihesabu viza, ya kwangu, ya mtoto, viza ya makazi inayobandikwa na kung'olewa, na nilikuwa nimekupeleka wewe mahali ambapo hutaulizwa karatasi tena. Kumbe hata kaburi lina viza.

Nilipotulia nikamuuliza la pili, lile la Enos. Nafasi ya kando yako ni ya nani? Kwetu mke analazwa kando ya mumewe, haina mjadala. Karani akaniambia kwao hawazikani kwa familia. Wanafuata safu. Anayekufa leo analala hapa, anayefuata analala kando yake, awe nani.

"Naweza kuwa mimi?"

"Ukiwa mkazi wa hapa," akasema. Kisha, kwa sababu ni mtu mkweli, akaongeza, "na ukiwa wewe ndiye unayefuata."

Nikarudi Dubai na maneno hayo. Wewe ndiye uliyekuwa mdhamini wetu, kwa hivyo viza yetu ilikufa nawe, tumepewa muda wa kujipanga na muda huo unakwisha. Madam wa kliniki ninakofanya kazi ya mapokezi amesema yuko tayari kuwa kafeel wangu, mdhamini mpya, nami nikishapata viza nimdhamini Imani apate yake, inshallah. Upande wa pili karani amepiga simu. Kuna nyumba juu ya ile shule, haina mtu. Kituo cha wazee kinatafuta mikono. Imani ni mwenyeji, hakuna wa kumfukuza, na mimi ni mama wa mwenyeji. Fikiria hilo. Mtoto niliyembeba mgongoni ndiye angekuwa mdhamini wangu.

Na nilitaka kwenda. Nisikufiche. Kila mtu alidhani nawaza shule na hospitali nzuri, lakini mimi nilikuwa nawaza nafasi ile. Nilitaka niwe pale, nihesabiwe mkazi, ili ikitokea, iwe ni mimi. Nilimweleza Jerusha. Alinitazama nikadhani atanipiga.

"Unahamia kijiji cha baridi upange foleni ya kufa?" akasema. "Na mtoto atakaa kwenye hiyo foleni na nani?"

Nikamwambia hajui ndoa. Akaniambia anajua foleni. Tulinuniana wiki nzima.

Jana karani alipiga simu tena. Nilifikiri ni kuhusu nyumba. Alisema ameona vyema nilisikie kutoka kwake kabla sijaamua, kwamba kijijini wamepata msiba. Ni dereva wa lile gari la kusukuma theluji barabarani. Hakuwa mzee. Amezikwa kwenye safu, kando yako. Hana jina la ukoo wenu, hata wazazi wake walihamia pale kutoka bonde jingine.

Nilikuwa kwenye ngazi za jengo letu, na mifuko ya dukani mkononi, lifti imeharibika. Nikakaa pale pale. Nilimwonea wivu marehemu, Baba Imani, mtu na mke wake na watoto wake wanaolia, mimi naona kama amenipita mlangoni. Nikakasirika na wewe pia, kwamba ulikubali. Halafu hasira ikaisha na nikabaki nimekaa, watu wananipita wakisema samahani, na nikatambua sitaki tena kusimama. Nimechoka kukutafutia kwenu. Nilikutafutia kwenye karatasi, kwenye ramani, kwenye mawe ya makaburi, nikakupeleka na sukari. Nimefika mwisho wa nguvu zangu na mahali penyewe panasema khalas, imetosha, hapa tunakaa kwa zamu.

Kwa hivyo jibu ni hilo. Hatuji.

Kesho nitamwambia Madam aanze karatasi. Imani atamaliza shule hapa alipozaliwa, pasipoti yake itabaki kabatini na jina la kijiji chenu ndani yake, na akikua akitaka kwenda, nimekwisha mwonyesha msitu. Mimi nitakapolala sijui. Enos ana jibu lake, karani ana lake, na mimi kwa sasa nina zamu ya asubuhi kliniki. Naumia kukuacha peke yako, naumia sana, usidhani ninasema haya kwa moyo mwepesi. Nilikuahidi nitakuwa kando yako na sitakuwa.

Imani ameamka, anauliza tunakula nini. Lala salama mume wangu, jifunike, najua baridi imeshaingia. Kuhusu huyo jirani yako mpya, karani anasema alikuwa mtu wa maneno mengi, akianza hadithi hamalizi. Najua hupendi watu wa hivyo. Mvumilie. Ndiye mtu wa kwenu wa kwanza kukaa nawe.

Ni mimi mkeo,
Mama Imani